Kodini, BMP na kiinitete cha chura: mambo ya kujua kabla hujashika sindano

Anayeanza kazi ya ishara za seli huja na picha moja kichwani: seli moja inatema protini, protini inasafiri, inafika kwenye kipokezi cha seli jirani, na jirani anabadilika. Picha hiyo si ya uongo. Shida ni kwamba katika kiinitete cha chura sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla protini haijafika kwenye kipokezi chochote. Kodini (jeni yake huandikwa chrd), protini mashuhuri ya upande wa mgongoni, haibishi hodi kwenye seli ili kuipa amri. Kazi yake ni kuikamata protini nyingine njiani, nayo ni BMP, protini ya ishara. Ipo ya tatu inayoikata Kodini, na ya nne inayoizuia hiyo ya tatu isikate. Kwa hiyo kila ukiona matokeo, uliza maswali manne kwa mpangilio huu: nani ametema, nani ameshika, nani anakata, nani anasikiliza. Anayeruka mawili ya katikati huishia kuandika "inazuia BMP" kila ukurasa wa daftari, na maneno hayo hayamsaidii kupanga jaribio la kesho.

Tunamzungumzia Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni, kwa sababu mayai yake ni makubwa (milimita 1.2 hivi), hukua nje ya mama, na yanavumilia sindano. Aliingia maabara za dunia kupitia Cape Town miaka ya 1930, alipotumika kupima ujauzito: mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa chura jike, chura anataga. Homoni ile ile, hCG, ndiyo tunayotumia hadi leo kupata mayai.

Ramani ya kubeba kichwani

Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold walichukua mdomo wa mgongoni wa blastopori (tundu ambalo seli huingilia ndani) wa kiinitete cha salamanda wakaupandikiza tumboni mwa kingine. Kikaota mhimili wa pili, wenye mfumo wa neva na uti, na sehemu kubwa ya neva hizo ilitokana na seli za mwenyeji. Kipande hicho huitwa kiratibu cha Spemann. Swali la kinatema nini lilikaa karibu miaka 70. Nogini (nog) ilipatikana 1992, Kodini 1994, na mwaka 1996 ikaonyeshwa kwamba zote mbili hushika BMP moja kwa moja na kuizuia isifike kwenye kipokezi chake. Nogini hushika kwa nguvu zaidi: kiwango chake cha kuachia ni pikomola 20 hivi, cha Kodini ni pikomola 300 hivi. Tofauti hiyo utaiona mezani, kwa sababu Nogini kidogo sana hufanya kazi ya Kodini nyingi.

BMP yenyewe, ikifika salama, huunganisha vipokezi vya aina mbili kwenye utando wa seli. Aina ya pili huitia fosfeti aina ya kwanza, nayo huitia fosfeti Smad1 na Smad5, protini za kupeleka ujumbe ndani ya seli, ambazo huungana na Smad4 na kuingia kwenye kiini cha seli kuwasha jeni. Katika ektodermu, tabaka la nje, BMP ikiwa nyingi seli huwa ngozi, ikizuiwa huwa neva. Hapa wengi hukosea: neva si matokeo ya amri mpya kutoka kwa Kodini, ni matokeo ya amri ya ngozi kunyamazishwa. Katika mesodermu, tabaka la kati, BMP nyingi hutoa damu, ya kadiri hutoa misuli, na ikikosekana hupatikana notokodi, fimbo ya mgongoni inayotangulia uti.

Sasa mkataji. Toloidi ni kimeng'enya chenye zinki kinachotemwa nje ya seli na kuikata Kodini mahali pawili. Kodini ikikatwa, BMP iliyoshikwa huachiwa ikiwa hai. Ndiyo maana Kodini si pingu tu, ni mkokoteni pia: hubeba BMP kutoka ilikotemwa hadi pale itakapokatwa, na BMP hurundikana tumboni kuliko ambavyo ingekuwa kama kila seli ingetumia tu ile iliyoitema. Upande huo wa tumboni BMP nyingi huwasha jeni ya Sizledi (szl), ambayo huingia kwenye mdomo wa Toloidi na kuuziba. BMP ikizidi, Sizledi huongezeka, Toloidi hupungua nguvu, Kodini hudumu, BMP hushuka. Mgongoni mambo hugeuka: huko kuna ADMP, ndugu wa BMP, ambaye jeni yake huwaka BMP inaposhuka. Ni kama watoto wawili kwenye ubao wa kubembea. Ukisukuma upande mmoja, wa pili hujibu, na kiinitete hurekebisha kosa lako kabla hujalipiga picha. Kuzima BMP2, BMP4, BMP7 pamoja na ADMP ndiko kulikoweza kugeuza ektodermu yote kuwa neva. Ukizima moja tu na usione kitu, usikimbilie kusema jeni hiyo haina kazi.

Mayai, maji na joto

Ratiba zote za vitabuni zimeandikwa kwa nyuzi 22 hadi 23 za Selsiasi. Kwa joto hilo yai lililorutubishwa hugawanyika mara ya kwanza baada ya dakika 90, kisha kila baada ya nusu saa hivi. Hufika hatua ya 8 ya jedwali la Nieuwkoop na Faber (blastula, mpira wa seli wenye uwazi ndani) saa ya 5, hatua ya 9 saa ya 7, na gastrula ya mwanzo (seli zinapoanza kuingia ndani), hatua ya 10, saa ya 9. Ukishusha hadi nyuzi 16 mwendo hupungua takriban nusu, na hiyo ndiyo njia ya kuhamisha hatua ya 10 kutoka usiku wa manane hadi asubuhi. Chini ya 14 na juu ya 24 usipeleke. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi hakifai hata saa 2 asubuhi. Utapata viinitete vinavyogawanyika vizuri na kufia kwenye gastrula, kisha utalaumu RNA. Tafuta kabati la kupoza kabla hujatafuta mashine ya sindano.

Ndugu wa chura huyu wako kwetu: Xenopus victorianus kandokando ya Ziwa Victoria, X. borealis Kenya, X. muelleri ukanda wa pwani. Kuvua na kuingiza maabara ni wazo baya. Wengi hubeba ukungu wa ngozi unaoua vyura wengine bila wao wenyewe kuugua, vibali vyake ni safari ndefu, na mfuatano wa RNA uliopangwa kwa laevis huenda usilingane na jeni zao.

Dozi ya kawaida ya hCG ni IU 500 hadi 800 jioni, na mayai asubuhi; jike aliyeandaliwa siku chache kabla kwa IU 50 hutaga vizuri zaidi. Sindano hiyo ujifunze kwa aliyeidhinishwa, si kwa maandishi. Baada ya kurutubisha, subiri dakika 20 uone kama upande mweusi umegeuka juu. Ukigeuka, yamerutubika. Kisha toa ute kwa sisteini asilimia 2, pH 7.8 hadi 8.0, iliyotengenezwa siku hiyo hiyo. Iliyolala usiku imeshaungana na oksijeni, haifanyi kazi, na wewe utaacha mayai ndani dakika 15 ukisubiri hadi yaungue. Inayofanya kazi huchukua dakika 3 hadi 5. Viinitete vikianza kugusana na kujipanga kama punje za mahindi, mwaga na osha mara 5. Kuanzia hapo visiguse hewa. Tone likikauka juu ya kiinitete kisicho na ute, utando hupasuka.

Dunga ndani ya MMR, bufa ya chumvi, ya nusu nguvu yenye Fikoli (sukari yenye molekuli kubwa) asilimia 3. Fikoli huvuta maji kutoka nafasi iliyo kati ya kiinitete na ngozi yake ya nje ili kidonda kisimwage kiini cha yai. Lakini kabla ya hatua ya 10 lazima uhamishe kwenye MMR ya sehemu moja ya kumi. Ukisahau, chumvi hufanya mesodermu isukumwe nje badala ya kuingia ndani, na kiinitete hufanana na njugu iliyobinywa kiunoni. Hiyo huitwa eksogastrula. Wageni huipiga picha kwa furaha na kuiita athari ya protini yao. Angalia ndugu zake wasiodungwa kwanza: kama nao wamebinyika, ni chumvi.

RNA na kipimo chake

Jeni ikishakuwa kwenye plasmidi (duara la DNA) ya pCS2+, ikate kwa kimeng'enya cha NotI, tengeneza mRNA kwa kimeng'enya cha SP6 pamoja na kofia ya m7G, safisha, pima. Ipitishe kwenye jeli kabla ya kudunga. Mstari uliochanika ni RNA iliyooza, na hakuna dozi itakayoifufua.

Ujazo wa tone hupimwa kwa kipenyo ndani ya mafuta ya madini, chini ya hadubini yenye rula. Nanolita 10 ni tone la mikromita 267. Nanolita 5 ni mikromita 212. Kwa kuwa ujazo hufuata kipenyo mara tatu, kukosea kipenyo kwa asilimia 10 ni kukosea dozi kwa asilimia 33. Pima kila sindano mpya ya kioo, na tena kila ncha inapovunjika. Hesabu ya haraka: pikogramu 100 kwa nanolita 10 ni myeyusho wa nanogramu 10 kwa mikrolita.

Dozi za kuanzia, kwa kiinitete kimoja: Kodini pikogramu 50 hadi 200, Nogini anza na 10, BMP4 pikogramu 500 hadi 1000, Wnt8 (ya Wnt, ukoo mwingine wa protini za ishara) pikogramu 10 zinatosha. Usianze na nanogramu 2 "ili uone kitu". Protini yoyote inayotemwa kwa wingi hivyo hujaza njia ya utoaji ya seli na kugusa ligandi (protini zinazoshika vipokezi) ambazo katika hali ya kawaida isingezigusa. Panga dozi tatu zinazozidiana mara nne au tano, na ikiwa athari haibadiliki kati ya ya kwanza na ya tatu, shuka zaidi.

Kudunga upande maalumu hufanyika kwenye seli 4. Seli mbili zenye rangi nyepesi na ndogo kidogo ni za mgongoni, mbili nyeusi ni za tumboni. Si kila kiinitete kinaonyesha tofauti. Chagua vinavyoonyesha wazi na viache vingine, hata kama ni nusu ya sahani. Ongeza kifuatiliaji kisichotoka kwenye seli, kama GFP ya utandoni au beta-galaktosidasi ya kwenye kiini cha seli. Kifuatiliaji hiki kina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuambia sindano iliingia wapi. Ya pili, na ndiyo ya thamani, ni kukuambia kama athari imevuka hadi seli ambazo hukudunga. Kodini inavuka. Kipokezi cha BMP kilichokatwa mkia hakivuki, kwa sababu kinabaki kwenye utando wa seli iliyokitengeneza. Kama unadai protini yako inafanya kazi nje ya seli na athari yake haitoki hata seli moja nje ya rangi, kuna maelezo yanayodaiwa.

Kodini ikidungwa tumboni kwenye ukanda wa ikweta hutoa mhimili wa pili wenye mgongo na mkia lakini mara nyingi bila kichwa. Usidhani sindano ilikosea. Kichwa huhitaji BMP na Wnt vizuiwe pamoja, na ndiyo kazi ya Dkk1, inayoshika kipokezi-mwenza LRP6, na ya Serberasi (cer1), inayoshika Wnt, BMP na Nodali (ishara nyingine) kwa wakati mmoja na kuotesha vichwa mahali pasipo pake.

Wnt: saa ni kila kitu

Hapa ndipo wageni wengi huteleza. Dunga mRNA ya Wnt8 tumboni kwenye seli 4, unapata mhimili wa pili mzima, na kichwa chake. Dunga mgongoni plasmidi ya Wnt8 hiyo hiyo, yenye promota (swichi ya jeni) ya CMV, na kichwa kinapotea. Jeni moja, matokeo yanayopingana, na hakuna aliyekosea. mRNA husomwa papo hapo, kabla ya katikati ya blastula, wakati ambapo njia ya Wnt huamua mgongo uwe wapi. Plasmidi husubiri hadi jeni za kiinitete zenyewe ziwashwe, baada ya migawanyiko 12, na kufikia hapo Wnt8 ni ishara ya tumbo na ya nyuma. Kwa hiyo ukitaka kupima kazi ya protini wakati wa gastrula, na inagusa njia ya Wnt, tumia plasmidi, au vipande vya ektodermu vilivyowekewa protini yenyewe. Athari ya mRNA pekee isikufanye uandike kwamba protini "hutengeneza mgongo".

Jedwali la DAI, kipimo cha mgongo na kichwa, litakusaidia kueleza ulichoona kwa tarakimu: 0 ni kiinitete chote tumbo, 5 ni cha kawaida, 10 ni chote mgongo na kichwa. Tengeneza ncha zake mbili mwenyewe ili jicho lizoee. Kloridi ya lithi mola 0.3 kwa dakika 6 hadi 10 kwenye seli 32 hupeleka juu. Mwanga wa urujuanimno kutoka chini, kabla ya dakika ya 45 hivi baada ya kurutubisha, hupeleka chini; tumia sahani ya kwazi kwa sababu kioo cha kawaida huuzuia, na baada ya hapo usivigeuze viinitete, maana mvutano wa dunia peke yake unaweza kurudisha mhimili.

Lebo inayoharibu protini

Protini ya kutemwa ina kipande cha mwanzo, asidi amino 16 hadi 30 hivi, kinachoielekeza kwenye njia ya kutoka. Kipande hicho hukatwa mapema. Ukiweka lebo ya Flag au HA (kipande kifupi ambacho kingamwili hukitambua) mwanzo kabisa, ama inazuia protini isiingie kwenye njia, ama inakatwa na kutupwa pamoja nacho. Kingamwili haioni chochote, na wewe unahitimisha kwamba protini haitengenezwi. Weka lebo baada ya mahali pa kukatwa, au mwishoni.

BMP ina mtego wa ziada. Hutengenezwa ikiwa ndefu, kisha kimeng'enya cha furini huikata baada ya mfuatano wa R-X-X-R. Kipande cha mwisho ndicho ligandi yenyewe. Lebo iliyo katika nusu ya kwanza itakuonyesha sehemu iliyotupwa, na utaifuatilia wiki nzima ukidhani ndiyo BMP. Iweke asidi amino chache baada ya mahali pa furini, kisha hakikisha kwa kudunga kwamba bado ina nguvu, kwa sababu wakati mwingine haina.

Ukitengeneza protini kwenye seli za binadamu za HEK293T, badilisha chakula chao kiwe bila seramu siku moja baada ya kuingiza plasmidi, kusanya saa 48, zungusha kuondoa seli. Seramu ina shughuli ya BMP yake yenyewe na itakuvurugia kila kipimo. Pima vyote viwili, seli na maji yao. Ipo kwenye seli lakini haipo majini: imekunjika vibaya au kipande cha mwanzo kimezibwa, au imetoka na kung'ang'ania nje ya seli. Kodini na Nogini hushika heparani salfeti zilizo juu ya seli. Heparini mikrogramu 10 hadi 50 kwa mililita huzing'oa. Ipo majini, lakini aktini nayo ipo majini: seli zimekufa na kupasuka, haijatemwa. Protini ikishakuwa safi na chache, ongeza albumini asilimia 0.1, la sivyo nusu yake itabaki kwenye plastiki ya chupa. Wnt ina mafuta yaliyobandikwa juu yake na haitaki maji. Usiitarajie itulie majini kama Nogini.

Kodini na BMP zote zimeshikiliwa na vifungo vya salfa. DTT au merkaptoethanoli huzivunja kabisa, kwa hiyo usiweke popote unapotaka protini hai. Kwenye jeli fanya mistari miwili, mmoja na DTT na mmoja bila: BMP iliyokomaa bila DTT lazima ionekane kama jozi, yenye uzani wa karibu mara mbili. Isipoonekana kama jozi, usipoteze siku kuijaribu.

Ukipima Toloidi kukata Kodini (ya kilodaltoni 120 hivi), soma lebo ya vidonge vyako vya kuzuia vimeng'enya. Vingi vina EDTA. EDTA hunyang'anya zinki na Toloidi hufa, nawe unapata "Kodini haikatwi" safi kabisa. Kinyume chake, unapotaka kusimamisha ukataji saa fulani, EDTA ndiyo breki, kwa maana PMSF na wenzake wa aina hiyo Toloidi haiwajali.

Vipande vya ektodermu

Kipande cha juu cha blastula kikikatwa na kuachwa peke yake huwa ngozi. Kikipewa Nogini huwa neva. Ni jaribio zuri kuliko yote kwa protini hizi, na linaharibika kwa sababu ndogo ndogo. Kata kati ya hatua ya 8.5 na 9, vipande vidogo, mbali na ikweta. Kipande kikubwa huja na mesodermu, na mesodermu hutema mambo yake. Pima aktini ya misuli kila mara: ikiwaka kwenye kundi lisilotibiwa, tupa seti nzima. Vipande vinavyorefuka ghafla kama vidole vinakuambia jambo hilo hilo bila kipimo.

Weka vipande juu ya agarosi asilimia 1, upande wa ndani ukiwa juu, na uongeze protini ndani ya dakika chache: Nogini au BMP4 nanogramu 50 hadi 100 kwa mililita. Vikishajikunja kuwa mpira, baada ya nusu saa hivi, tabaka la nje halipitishi protini, na utapata matokeo ya "haifanyi kazi" ambayo kwa kweli ni ya kuchelewa. Lakini pia usivichanechane. Seli za ektodermu zikitenganishwa huwasha MAPK, kimeng'enya cha ishara ndani ya seli, kwa muda mrefu, MAPK huidhoofisha Smad1 kutoka ndani, na seli huwa neva bila Nogini yoyote. Kisu butu ni kizuizi cha BMP. Vipande 10 hadi 15 kwa kila kundi vinatosha kupima RNA: sox2 kwa neva, keratini kwa ngozi, szl na vent2 kama kipimajoto cha BMP.

Kwa fosfo-Smad1/5 (Smad iliyotiwa fosfeti), ponda viinitete 10 kwa mikrolita 100 za bufa baridi yenye vizuia fosfatasi, zungusha kwa nyuzi 4, chukua maji safi ya katikati. Juu ni mafuta, chini ni kiini cha yai, na vyote viwili hupinda mistari ya jeli. Kabla ya katikati ya blastula usitegemee kuona kitu.

Kabla ya kuandika "inazuia BMP"

Tumia ALK3, kipokezi cha BMP, kilichobadilishwa ili kiwake bila BMP. Kodini haiwezi kukizima, kwa sababu kazi yake imeishia nje. Protini yako ikikizima, haifanyi kazi nje ya seli, au haifanyi kazi hapo tu. Ikishindwa kukizima lakini inazima BMP4, uko nje ya seli, na swali sasa ni kama inashika BMP, inashika kipokezi, au inamgusa mkataji.

Katika hilo la mwisho Sizledi ni mwalimu mzuri. Kwa sura ni ya ukoo wa protini zinazoshika Wnt, na yeyote anayesoma mfuatano wake angeipeleka huko. Ikiongezwa, kiinitete huwa mgongo zaidi, kama ilivyo kwa Kodini. Lakini Kodini ikizimwa kwanza, Sizledi haina athari. Kwa hiyo haiishiki BMP wala haimgusi msikilizaji, inamlinda anayeshika. Jaribio hilo linahitaji mofolino ya Kodini (kipande kinachozuia mRNA yake isisomwe), na X. laevis ana nakala mbili za jeni nyingi, chrd.L na chrd.S, kwa kuwa jenomu yake iliunganishwa kutoka kwa mababu wawili. Mfuatano wako usiogusa zote mbili utaacha nusu ya Kodini ikiendelea. Hata zote mbili zikizimwa, mgongo hautatoweka: kichwa hupungua, tumbo hupanuka, kwa sababu Nogini na Folistatini bado zipo. Andaa mRNA ya Kodini isiyo na mfuatano wa mofolino kwa ajili ya kurudisha hali, na uhesabu n kwa idadi ya majike, si kwa idadi ya viinitete. Viinitete 80 vya mama mmoja ni n ya 1. Kundi la ndugu wasiodungwa likifa zaidi ya asilimia 20, siku hiyo haihesabiwi.

Panga makundi sita kwa mayai ya jike mmoja: wasiodungwa, kifuatiliaji peke yake, Sizledi, mofolino ya Kodini, Sizledi na mofolino, na Sizledi na mofolino pamoja na mRNA ya kurudisha. Dunga kundi la mofolino peke yake katikati ya foleni, si mwisho. Viinitete vya mwisho kwenye foleni vimeshafika seli 8, na athari yao ndogo itafanana na mofolino isiyofanya kazi.